Mondlane: Msomi aliyeacha uprofesa akaja kingo za Ruvuma

Na Mwandishi Wetu, Songea

BARABARA itokayo Songea kwenda kusini hupita Muhukuru, kulikokuwa na makazi ya wakimbizi wa Msumbiji wakati wa vita vya ukombozi, hadi Mto Ruvuma. Ng'ambo ya mto, huko Matchedje katika Jimbo la Niassa, chama cha FRELIMO kilifanya mkutano mkuu wake wa pili Julai 1968. Aliyekiongoza alikuwa na shahada ya uzamivu kutoka Marekani, Dk. Eduardo Mondlane.

Wengi humkumbuka kwa mapambano. Lakini kijana wa leo aliyehitimu shahada ya kwanza, anayejiuliza kama atafute ajira au aendelee na uzamili, uwe wa biashara au wa fani nyingine, atavutiwa zaidi na safari yake ya darasani.

Alizaliwa Juni 20, 1920, wilayani Manjacaze, kusini mwa Msumbiji, katika ukoo wa kichifu, na utotoni alichunga mifugo. Shule za misheni zilimfungulia njia hadi Afrika Kusini, ambako mwaka 1948 alijiunga na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Hakumaliza. Mwaka uliofuata, serikali ya ubaguzi wa rangi ilikataa kumuongezea kibali, akafukuzwa nchini. Alipofika Lisbon mwaka 1950, polisi wa Ureno hawakumpa nafasi ya kusoma kwa utulivu.

Ufadhili wa masomo ndio uliomvusha bahari mwaka 1951 hadi Chuo cha Oberlin, Ohio. Alikuwa na miaka 31, umri ambao wenzake wengi walikuwa kazini na watoto nyumbani. Mwaka 1953 alihitimu shahada ya kwanza, akiwa amepitia vyuo vitatu katika mabara matatu.

Angeweza kuishia hapo. Msumbiji ya wakati ule shahada hiyo pekee ingetosha kumtenga na karibu Waafrika wenzake wote. Badala yake aliingia Chuo Kikuu cha Northwestern, jirani na Chicago, akapata uzamili mwaka 1955. Uzamivu haukuja kwa haraka: mwaka 1956 alimuoa Janet Johnson, na mwaka 1957 aliajiriwa na Umoja wa Mataifa jijini New York, katika idara iliyoshughulikia nchi za udhamini, Tanganyika ikiwa mojawapo. Tasnifu ikasubiri nafasi baada ya saa za ofisi, hadi mwaka 1960. Anayesoma uzamili wa jioni huku ana mwajiri na familia anaijua hali hiyo.

Mwaka 1961 aliitembelea Msumbiji, baada ya zaidi ya miaka kumi ughaibuni. Aliporudi aliacha kazi ya Umoja wa Mataifa, ambayo haikumruhusu kujihusisha na siasa, akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Syracuse. Uprofesa huo nao hakukaa nao. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, yeye akachaguliwa rais wake, na mwaka 1963 alihamia jijini humo na familia yake.

Februari 3, 1969, akiwa na umri wa miaka 48, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi alichokifungua katika nyumba moja ya Oysterbay. Miezi sita na siku chache tu ilikuwa imepita tangu mkutano wa Matchedje. Mwaka 1976, chuo kikuu cha Maputo kilipewa jina lake.