Henry Dyer, Mwalimu wa Mainjinia wa Japani

Henry Dyer alizaliwa katika nchi ya Skoti mwaka 1848. Alipokuwa kijana aliingia katika karakana mjini Glasgow ili ajifunze uinjinia. Mchana alifanya kazi ya mikono, na usiku alikwenda chuoni kusoma. Katika masomo hayo ya usiku alikuwako pia Mjapani mmoja, jina lake Yamao Yozo. Huyu alitoka kwao kwa siri mwaka 1863, maana siku zile sheria ya Japani ilikataza watu kwenda ng'ambo, na adhabu yake ilikuwa kifo.

Baadaye Yamao alirudi kwao akawa mkubwa katika serikali mpya, akataka chuo cha uinjinia kianzishwe mjini Tokyo. Dyer akachaguliwa kuwa mkuu wa chuo hicho, naye hajatimiza miaka 25. Alipokuwa melini aliandika mpango wa masomo, na alipofika mwaka 1873 Yamao aliukubali wote.

Mpango huo ulikuwa wa miaka 6: miaka 2 ya masomo ya jumla, miaka 2 ya ufundi aliouchagua mwanafunzi, na miaka 2 ya kazi yenyewe. Wanafunzi wengi walikuwa wana wa samurai, yaani watu wa vita, ambao kwao kushika nyundo kulikuwa aibu. Dyer hakukubali jambo hilo. Aliwaingiza karakanani wafanye kazi kwa mikono yao, kama alivyofanya yeye mwenyewe, kwa kuwa aliona kwamba elimu ya vitabu bila kazi haitoshi, wala kazi bila elimu haitoshi.

Mwaka 1882 Dyer alirudi Skoti, lakini mbegu yake ilikwisha kuota. Mwanafunzi mmoja wa chuo kile, Tanabe Sakuro, alipewa kazi ya kuchimba mfereji wa kuleta maji kutoka ziwa Biwa mpaka mji wa Kyoto, kwa kutoboa milima. Kazi ilianza mwaka 1885 ikaisha mwaka 1890, nayo iliongozwa na Wajapani wenyewe. Mwaka uliofuata maji hayo yakaanza kutoa nguvu za umeme.

Dyer alifariki mwaka 1918. Mwalimu mwema hupimwa kwa kazi ambazo wanafunzi wake huzitenda akiwa hayupo.