Askofu Festo Kivengere Alivyoushinda Wivu

Tunawaletea maisha ya Festo Kivengere, mtumishi wa Mungu wa Kigezi, katika nchi jirani ya Uganda. Aliokoka siku za Uamsho, akafundisha shule huko Dodoma, akahubiri pamoja na William Nagenda.

Nagenda alipobarikiwa sana katika kuhubiri, wivu ulimwingia Festo. Kila neno la mwenzake aliliona lina kosa. Kadiri alivyozidi kumlaumu, ndivyo moyo wake mwenyewe ulivyopoa. Roho Mtakatifu akamhukumu. Siku moja, kabla ya kwenda mkutanoni, alimwendea Nagenda, akauungama wivu wake, akaomba msamaha. Nagenda akamkumbatia, wakalia wote wawili. Nagenda alipohubiri, neno lilimgusa Festo.

Mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi. Mwaka 1977 aliukimbia utawala wa Idi Amin, lakini akafundisha watu kumsamehe. Alifariki Nairobi mwaka 1988.

Ndugu, hapa kwetu Barumbu mmoja amepewa unabii, mwingine uimbaji, mwingine maombezi. Tukimwonea mwenzetu wivu, tusingoje. Tumwendee kabla ya ibada, tupatane. Amina.