Herman Hollerith, injinia wa migodi aliyefundisha mashini kuhesabu

Wandugu wasomaji, kila mutu wa mugodi anajua uchungu wa hesabu mbaya. Umetumika siku 26, karani ameandika 24. Mwisho wa mwezi bibi anakuuliza siku 2 zimekwenda wapi, na huna la kumujibu. Leo tunawaletea maisha ya mutu mumoja aliyetafuta dawa ya ugonjwa huo. Jina lake ni Herman Hollerith, na hatumuite ndugu yetu bule: diploma yake ilikuwa ya migodi.

Alizaliwa tarehe 29 Februari 1860 katika muji wa Buffalo, Marekani. Wazazi wake walikuwa wametoka Ujerumani. Baba alikufa Herman akiwa angali mutoto, mama akabaki na muzigo wa nyumba. Masomoni alikuwa na akili, lakini kuandika maneno bila kosa kulimushinda. Inasemekana siku moja alipitia dirishani ili akimbie somo hilo. Hata vile alisonga mbele. Mwaka 1879, akiwa na miaka 19, alitoka na diploma ya injinia kwenye masomo ya migodi ya Columbia, muji wa New York.

Lakini hakuteremuka mushimoni. Mwalimu wake mumoja alimuchukua kwenye kazi ya kuhesabu watu wote wa Marekani, hesabu ya mwaka 1880. Pale aliona makarani wengi wanachora vistari kwenye makaratasi makubwa, asubuhi mpaka magaribi. Kazi ile ilikula zaidi ya miaka 7. Daktari John Shaw Billings, mukubwa wa sehemu moja ya hesabu hiyo, alimuambia kwamba ingefaa kuwe mashini ya kufanya kazi namna ile. Hollerith alilishika neno hilo, hakuliachilia tena.

Mwaka 1882 alifundisha kwenye MIT, chuo cha ufundi cha Boston, kisha akarudi Washington kutumika kwenye biro inayolinda haki za wavumbuzi. Akili ilimujia kutoka kwa treni. Aliona kontrolere anatoboa tiketi ya kila abiria ili kuonyesha rangi ya nywele na ya macho yake, tiketi isipewe mutu mwingine. Hollerith akajiuliza: kama tundu linaweza kueleza mutu, juu ya nini karte isibebe habari zake zote?

Njo hivi mashini yake ilitumika. Kila mutu alikuwa na karte yake. Tundu hapa, ni mwanaume. Tundu pale, ni mwanamuke. Fasi ingine, ni miaka yake ao kazi yake. Karani anaweka karte, anashusha mukono wa chuma wenye sindano nyingi. Penye tundu sindano inapita, inagusa zebaki, umeme unapita, na mushale wa hesabu unasogea hatua 1. Kengele inalia: karte imehesabiwa. Kama karte imekaa vibaya ao imekosa tundu, kengele hailie, na karani anajua palepale kwamba kuna kosa.

Alipewa haki ya uvumbuzi wake tarehe 8 Januari 1889. Kisha serikali ikashindanisha njia 3, zote kwa habari zilezile. Kuandika habari kulimuomba Hollerith saa 72. Wenzake saa 100 na 144. Kujumlisha kulimuomba saa 5 na nusu. Wenzake 44 na 55. Katika hesabu ya mwaka 1890, idadi ya watu, zaidi ya milioni 62, ilijulikana kisha majuma machache tu. Lakini mutu ni mutu: inasemekana makarani waliochoka walikuwa wananyonya zebaki kwa siri ili mashini isimame, nao wapumuke.

Hesabu ya watu inakuja mara 1 kwa miaka 10. Kazi ya watu inakuja kila siku, na Hollerith aliona njaa ya kweli iko pale. Akaenda kwa shirika la treni la New York Central, lenye kushika mamilioni ya karatasi za mizigo kila mwaka. Mashini yake ya kwanza ilijua kuhesabu moja moja tu. Treni iliomba kujumlisha uzito na makuta. Akatengeneza ingine yenye kujumlisha. Kila karatasi ya muzigo ikawa karte, na wakubwa wakajua upesi nani ametumia njia, kwa muzigo gani, na anapashwa kulipa ngapi. Mwaka 1896 akaanzisha kampuni yake.

Hakuwa mutu mulaini. Mashini hakuziuza, alizikodisha. Serikali ikachoka na bei yake, wakaachana mwaka 1905. Mwaka 1911, afya imepunguka, akauza kampuni na kupata zaidi ya dola milioni 1. Iliunganishwa na kampuni zingine, moja ikitengeneza saa za kazini, zile zinaandika saa ya kuingia na ya kutoka. Mwaka 1924 jina likawa IBM. Yeye akabaki na ng'ombe wake. Alikufa Washington tarehe 17 Novemba 1929.

Lakini swali la treni halikufa naye. Mwezi wa Novemba 1961, kwenye MIT ileile, kompyuta ya IBM ilionyeshwa ikitumikia watu mbalimbali kwa wakati mumoja. Nani ametumia mashini, na kwa muda gani? Ikabidi mashini yenyewe iandike muda wa kila mutu. Kila mumoja akapewa neno la siri na kipimo chake. Mwaka 1962 mwanafunzi mumoja, saa zake 4 kwa juma hazimutoshi, akachapisha maneno ya siri ya wenzake ili atumie saa zao. Tangu zamani zile, kwenye mashini kubwa, watu wakilala programu inaamuka yenyewe, inakusanya hesabu ya muchana: nani aliingia, alikaa muda gani, alitumia nini. Asubuhi mukubwa anakuta yote tayari.

Wandugu, tukumbuke jambo 1. Mashini haijui kama uliteremuka mushimoni. Inajua tundu tu. Tundu likikaa fasi mbaya, itajumlisha kosa upesi kupita karani yeyote. Basi, hata kama pwentaji yenu sasa ni ya karte ao ya kidole, muandike siku zenu nyumbani, na mama wa nyumba aweke daftari. Kengele ya Hollerith ilinyamaza penye kosa, makarani wakajua. Siye, kengele yetu ni daftari lile.