Kawawa: Mtetezi wa watumishi aliyeongoza serikali iliyowapa mgambo nguvu ya kukamata

Ukiona mgambo wa kijijini Madaba amemshika mtuhumiwa na kumpeleka polisi, ujue mamlaka hayo hayakuanza jana. Yalitolewa kwa sheria ya mwaka 1975, na Waziri Mkuu wakati huo alikuwa mtoto wa huku huku Ruvuma: Rashidi Mfaume Kawawa.

Kawawa alizaliwa mwaka 1926 Matepwende, Namtumbo, eneo ambalo enzi hizo lilikuwa ndani ya Songea. Alisoma hadi Sekondari ya Tabora, akawa karani wa serikali, kisha akahamia ustawi wa jamii. Huko aliigiza hata filamu, ikiwemo Muhogo Mchungu.

Sauti ya watumishi

Jina lake lilikua kupitia vyama. Aliongoza TAGSA, chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika. Mwaka uliofuata aliacha kazi serikalini, kipindi ambacho watumishi walikuwa wamekatazwa kujiunga na TANU.

Meza ikageuka

Januari 1962 Nyerere alijiuzulu na Kawawa akawa Waziri Mkuu. Sasa yeye ndiye aliyekuwa mwajiri.

Mwaka huohuo serikali yake ilipitisha sheria za kubana migomo na kuwazuia watumishi wa ngazi za juu kujiunga na vyama. Baadhi ya wenzake wa zamani TFL hawakukubali.

Januari 20, 1964 wanajeshi wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Walidai mishahara mizuri na maofisa Waafrika. Sehemu ya polisi walikuwa wamepelekwa Zanzibar, kwa hiyo mji ulibaki na ulinzi mdogo. Nyerere na Kawawa ilibidi wafichwe, hadi makomando wa Uingereza walipozima uasi Januari 25.

Baada ya hapo viongozi kadhaa wa wafanyakazi walikamatwa. TFL ilifutwa, ikaja NUTA iliyokuwa chini ya mkono wa serikali. Jeshi jipya nalo likaanza kwa kuita vijana wa TANU wajitolee.

Mgambo wapewa meno

Idi Amin alipopindua serikali ya Uganda mwaka 1971, TANU ilitoa Mwongozo ulioagiza wananchi wafundishwe ulinzi. Kawawa alirudi kuwa Waziri Mkuu mwaka 1972 hadi 1977. Katikati ya kipindi hicho ndipo sheria ikampa mgambo aliye kazini uwezo wa kukamata kama askari polisi wa kawaida. Mwaka 1989 wigo ulipanuliwa, sungusungu nao wakaingia.

Lakini suala alilopigania ujanani bado lipo. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 haiwahusu polisi wala wanajeshi, hivyo hawana chama cha wafanyakazi cha kuwasemea. Yaani askari anaweza kulinda doria usiku kucha, na asubuhi akakosa chama cha kupeleka kilio chake.

Kawawa, aliyejulikana kama Simba wa Vita, alifariki Desemba 31, 2009 na kuzikwa Madale, Dar es Salaam.