Willem Einthoven: aliyetuwezesha kuuona umeme wa moyo wa mtoto

Mtoto akilazwa kwa sababu misuli ya moyo wake imevimba, moja ya mambo ya kwanza utakayoona ni muuguzi akimbandika vibandiko vyenye nyaya kifuani, mikononi na miguuni. Wazazi wengi huogopa, wakidhani mtoto atapigwa na umeme. Usiogope. Mashine hiyo haipeleki umeme wowote mwilini. Inapokea tu umeme mdogo sana unaotengenezwa na moyo wenyewe, kisha inauchora. Kipimo hicho huitwa ECG. Ukimfahamu aliyekianzisha, utaelewa kwa nini daktari wa mtoto wako anakihitaji.

Mtoto wa mjane

Willem Einthoven alizaliwa mwaka 1860 mjini Semarang, katika kisiwa cha Java, ambacho leo kiko Indonesia na wakati huo kilitawaliwa na Uholanzi. Baba yake, aliyekuwa daktari, alifariki Willem akiwa bado mdogo. Mama alibaki na watoto 6. Mwaka 1870 aliwachukua wote akahamia nao Utrecht, Uholanzi. Huko Willem alisomea udaktari, na mwaka 1885, akiwa na miaka 25, aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Leiden.

Wakati huo wataalamu walishajua kwamba moyo hutoa umeme kila unapopiga. Mwaka 1887 Augustus Waller aliupima kwa binadamu huko London. Lakini chombo alichotumia hakikuweza kufuata vizuri mabadiliko ya haraka, na mchoro wake haukuwa sahihi.

Einthoven alitafuta njia nyingine. Alichukua uzi mwembamba kuliko unywele, uliopakwa madini ya fedha, akautundika katikati ya sumaku yenye nguvu. Umeme wa moyo ulipopita kwenye uzi, uzi ulicheza, na kivuli chake kikapigwa picha. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 alikuwa na michoro iliyo wazi. Mashine yake ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na iliendeshwa na watu 5. Mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi. Kwa kuwa haikuwezekana kuihamishia hospitali, mwaka 1905 Einthoven alianza kuleta umeme wa mioyo ya wagonjwa maabara kwake kwa waya wa simu, umbali wa kilomita 1.5 hivi.

Mawimbi ya mchoro huo aliyapa herufi P, Q, R, S na T. Madaktari wanazitumia hadi leo. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1924, akafariki mjini Leiden mwaka 1927.

Mchoro huo unamsaidiaje mtoto wako?

Misuli ya moyo ya mtoto huvimba mara nyingi baada ya maambukizi ya virusi, kama mafua au kuharisha. Madaktari huuita ugonjwa huu mayokadaitisi. Uvimbe ukifika kwenye njia za umeme wa moyo, mapigo huharibika. Moyo unaweza kwenda mbio kupita kiasi, kuruka mapigo, au kwenda polepole mno kwa sababu umeme hautoki vizuri vyumba vya juu kwenda vya chini. Damu isipofika vizuri kwenye ubongo, mtoto huzirai. Mapigo yakiharibika sana, moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana mtoto aliyelazwa huachwa na nyaya kifuani usiku na mchana.

ECG moja ikionekana nzuri, bado daktari anaweza kuirudia, kupima damu, na kuutazama moyo kwa altrasaundi.

Mpeleke hospitali haraka ukiona:

- amezirai, hasa akiwa anacheza au anakimbia
- anapumua haraka au kwa shida ingawa hana kikohozi kikali
- moyo unakwenda mbio hata akiwa ametulia au amelala
- anapauka, anachoka kupita kawaida, au analalamika maumivu ya kifua
- mtoto mchanga anatoka jasho na kuacha kunyonya kabla hajashiba

Maumivu ya tumbo na kutapika pia huweza kutokana na moyo, hivyo usishangae daktari akiupima. Mweleze kama mtoto aliugua wiki chache zilizopita, hata kama ulikuwa ugonjwa mdogo. Mweleze pia kama kuna mtu katika familia aliyefariki ghafla akiwa kijana.

Watoto wengi hupona. Lakini mtoto akisharuhusiwa kurudi nyumbani, asikimbie wala kucheza mpira mpaka daktari aseme yuko tayari. Mara nyingi ni miezi 3 hadi 6, na ECG hurudiwa kabla ya ruhusa hiyo. Atakuomba kila siku aende kucheza na wenzake, na kwa macho utamwona mzima kabisa. Subiri kipimo. Mwalimu wake naye ajue, ili asimkimbize shuleni.