Sheikh Abdulla Saleh Farsy: mzee tunayemjua kwa jalada la kitabu tu

Leo siasa tuiweke pembeni, na mpira pia, wa Uingereza na wa Gombani. Nataka tumzungumze mzee mmoja ambaye jina lake limo kwenye nyumba nyingi humu Pemba, ila ukimuuliza kijana wa rika letu alikuwa nani, atakwambia ndiye aliyefasiri Qurani, basi, hapo ndo mwisho.

Kumbe kufasiri ilikuwa kazi yake ya ziada! Mshahara wake ulitoka kwengine kabisa.

Sheikh Abdulla Saleh Farsy alizaliwa mjini Unguja mwaka 1912, katika ukoo wenye asili ya Oman. Alipita chuoni kama mtoto yeyote wa Kizanzibari, akaingia skuli ya serikali, kisha akasomea ualimu. Mwaka 1933 akaanza kusomesha skuli za msingi. Asubuhi ni mwalimu wa serikali na chaki yake, na ikifika jioni yeye mwenyewe ni mwanafunzi, anakaa mbele ya masheikh wakubwa wa Unguja akina Sayyid Omar bin Sumeyt. Maisha hayo ya zamu mbili hakuyaacha tena. Sisi tukitoka kazini saa tisa tunataka kulala, jamani.

Mwaka 1947 akapandishwa cheo, akawa mkaguzi wa skuli za Unguja na Pemba, kazi aliyoifanya mpaka 1952. Hapo ndipo anapoingia kwetu. Wazee waliosoma miaka ile wanajua maana ya mkaguzi: mwalimu mkuu hana raha, madaftari yanapangwa, na hata watoto watukutu wanakuwa malaika kwa siku moja. Baada ya ukaguzi akarudi kusomesha, na mwishoni mwa miaka ya 50 akawa mkuu wa skuli mjini.

Wakati huo wote anaandika. Mwaka 1942 alishatoa kitabu juu ya maisha ya Seyyid Said bin Sultan. Mwaka 1956 kikatoka Ada za Harusi katika Unguja, ambacho mimi nakipenda sana kwa sababu hakina dini nyingi wala wafalme, ni mambo ya posa, mahari, kungwi na ngoma, yaani vitu ambavyo wanaume wengi wa elimu yake wangeona si hadhi yao kuviandika. Aliifasiri pia Maulidi ya Barzanji ili watu wajue wanachokisoma.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe kubwa.

Lazima uelewe hali ilivyokuwa. Babu yangu mimi alihitimu juzuu zote thelathini akiwa mtoto. Kusoma alikuwa anasoma vizuri, sauti nzuri, lakini ukimuuliza aya inasema nini, hajui. Na si yeye peke yake. Watu walizaliwa, wakasoma msahafu maisha yao yote na kufa bila kujua maana, isipokuwa ile waliyoambiwa na sheikh darsani. Na wapo waliokuwa wakiona kuutia msahafu kwenye Kiswahili ni kuushusha.

Cha ajabu, tafsiri kamili ya mwanzo ya Kiswahili haikuandikwa na Muislamu. Aliiandika Godfrey Dale, padri wa misheni ya Kiingereza aliyekuwa akiishi Unguja, ikatoka mwaka 1923. Ya pili ikatolewa Nairobi mwaka 1953 na Sheikh Mubarak Ahmad wa jumuiya ya Ahmadiyya. Masheikh wa Kisunni wa pwani hawakuridhika na ya kwanza wala ya pili. Wengi waliishia kulalamika barazani. Farsy akashika kalamu.

Hakuitoa kwa mkupuo mmoja. Alikuwa akitoa vijitabu, sura chache leo, chache baadae, bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Hivyo ndivyo tafsiri ilivyoanza kuingia majumbani, kidogo kidogo. Nzima ikachapishwa na Islamic Foundation ya Nairobi mwaka 1969 kwa jina la Qurani Takatifu, aya na Kiswahili chake, na maelezo yaliyojibu yale asiyokubaliana nayo kwa wenzake waliotangulia. Na Kiswahili chake! Si kile cha kukufanya utafute kamusi. Kinasomeka kama mtu anakuelezea kibarazani.

Ila mwaka huo 1969 yeye hayupo tena Zanzibar. Aliteuliwa kadhi Unguja mwaka 1960, yakaja Mapinduzi Januari 1964, na mwaka 1967 akaondoka. Mwaka uliofuata akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akichukua nafasi ya Sheikh Muhammad Kassim Mazrui. Mtu wa miaka 56, umri ambao wengine wanaanza kuhesabu pensheni, anaanza upya ugenini na mafaili ya mirathi na talaka za nchi nzima.

Na bado hakupumzika. Mwaka 1972 akatoa kitabu juu ya baadhi ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki: fulani kazaliwa lini, kasoma kwa nani, kamsomesha nani, kafa lini. Kwa mtu mvivu ni orodha ya majina tu. Lakini mengi ya hayo yalikuwa vichwani mwa wazee, na wazee walikuwa wanaondoka mmoja mmoja.

Nisifiche, uzeeni aligombana na watu. Katika miaka ya 70 aliandika Bid-a, akikosoa mambo mengi ambayo watu wa pwani waliyazoea na kuyapenda. Wengine walimuona kawageuka, kwani si ndiye huyu huyu aliyetufasiria Barzanji? Wanafunzi wake wakasema elimu imemfikisha hapo. Ugomvi huo mpaka leo misikitini haujesha, na mimi sitouamua hapa. Ninachokiona ni kwamba angeweza kunyamaza akabaki mzee wa kupendwa na kila mtu, na hakunyamaza.

Mwanzoni mwa miaka ya 80 aliuacha ukadhi, akahamia Oman, nchi ya asili ya wazee wake. Alifariki Muscat Novemba 1982, akiwa na miaka 70. Mwaka 1989 kile kitabu cha wanavyuoni kikatolewa Marekani kwa Kiingereza, kimefasiriwa na Randall Pouwels, na watafiti wa historia ya pwani wanakitumia mpaka leo.