Jamaa aliyehesabu msitu kwa kisu na vijiti vinne

Kuna namba moja hurushwa kila msimu wa mvua, wakubwa wakitoka na miche yao kupigwa picha: asilimia 8.83. Hicho ndicho kiwango cha msitu hapa Kenya kulingana na tathmini ya kitaifa ya 2021. Ukijumlisha miti yote, hata ile iliyo kwenye mashamba ya watu, inafika 12.13. Sawa. Lakini ushawahi kujiuliza msitu huhesabiwa vipi? Hakuna mtu anazunguka Mau akigusa mti mmoja mmoja.

Siku hizi kuna setilaiti. Zamani kulikuwa na Dietrich Brandis juu ya tembo.

Brandis alizaliwa Bonn, Ujerumani, 1824. Baba yake alikuwa profesa wa falsafa, na utotoni familia iliishi Athens kwa muda kwa sababu mzee alikuwa mshauri wa mfalme wa Ugiriki. Kijana akasomea mimea, akaanza kufundisha chuoni hapo Bonn. Kazi ya misitu hakuwa ameisomea popote. Alichokuwa nacho ni kitu tunachokijua vizuri sana hapa Nairobi: kujuana. Alimuoa Rachel Marshman, na dada yake Rachel alikuwa mke wa Jenerali Havelock wa jeshi la Waingereza kule India. Jina la shemeji Mjerumani anayejua mimea likamfikia Gavana Mkuu, Lord Dalhousie. Januari 1856 Brandis akakabidhiwa misitu ya mitiki ya Pegu, Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar.

Mtiki, au msaji ukipenda, ulikuwa mali. Hauozi haraka, wadudu wanauogopa, na Uingereza ilikuwa na njaa ya mbao za kuundia meli. Pegu yenyewe walikuwa wameinyakua vitani 1852. Ila kulikuwa na kesi iliyowatia hofu: kusini zaidi, Tenasserim, waliyoitwaa miaka ya 1820, wafanyabiashara walikuwa wameachiwa wakate wanavyotaka. Wakakata. Miti mizuri ikaisha.

Kwa hivyo swali alilopewa Brandis lilikuwa rahisi kulitamka na noma kulijibu. Pegu kuna mitiki mingapi, na tunaweza kukata mingapi kwa mwaka bila kuumaliza msitu?

Hakuna aliyejua. Ramani zenyewe zilikuwa za kubahatisha. Basi jamaa akapanda tembo, akafuata migongo ya vilima kwa siku nyingi, mkononi vijiti vinne na kisu. Hadithi hii alikuwa akiwasimulia wanafunzi wake uzeeni. Kila kijiti kilikuwa cha daraja moja la unene. Akiuona mtiki karibu na njia, anaukadiria kwa jicho, anachonga alama kwenye kijiti chake, anasonga. Daftari halingefaa kitu kwenye unyevu ule, karatasi ingekuwa uji kabla ya jioni. Usiku kambini anahesabu alama.

Hapo ndipo akili ilipo. Hakuuona msitu wote, aliona ukanda tu kando ya njia yake. Lakini ukijua urefu wa safari na upana wa ukanda, unajua eneo, na kutoka hapo unakadiria sehemu ambazo hukufika. Wanaopima misitu leo bado hufanya hivyo: wanachagua vipande, wanapima miti ya hapo kwa utepe, wanalinganisha na picha za setilaiti. Mimi hesabu zilinikimbiza darasani, lakini hii naielewa.

Kisha ikaja hesabu ya pili. Miti ya daraja la kwanza ilikuwa ile yenye mzingo wa futi sita au zaidi, na hiyo pekee ndiyo ingekatwa. Brandis akauliza: mti wa daraja la pili huchukua miaka mingapi kufika la kwanza? Nichukue mfano wangu mwenyewe. Tuseme miti mikubwa ni 2,400, na safari hiyo ya kukua inachukua miaka 24. Basi kata 100 kwa mwaka, usizidishe, mradi walio nyuma ni wengi wa kutosha kujaza pengo. Ni kama kula faida na kuacha mtaji ukae.

Kuisimamia ndiyo ilikuwa kazi. Mtiki mbichi huzama majini, na magogo yalisafirishwa kwa mto mpaka Rangoon. Ndiyo maana mti ulikuwa unakatwa pete kuzunguka shina, unaachwa ukauke ukiwa umesimama hata miaka mitatu, kisha unaangushwa, tembo wanauburuta hadi mtoni. Anayeamua mti gani ukatwe pete, huyo ndiye ameshika msitu. Brandis akahakikisha ni serikali. Wafanyabiashara wa mbao walimchukia vibaya sana.

Na wenyeji? Hapa ndipo stori inakuwa chungu. Wakaren waliishi kwenye vilima hivyo wakifyeka, wakichoma, wakilima, kisha wakihama na kuacha ardhi ipumzike. Kilimo hicho kiliitwa taungya. Kwa maafisa, moto wao ulikuwa unachoma mali ya Malkia. Brandis akaja na mpango: limeni, lakini pandeni mitiki katikati ya mpunga, na mtalipwa kwa miche itakayokuwa hai. Ujanja mzuri. Mkulima anapata chakula na doo kidogo, serikali inapata msitu wa bei rahisi. Ila mti ukikua, shamba si lake tena, na hana pa kurudi.

Mwaka 1864 akawa Mkaguzi Mkuu wa kwanza wa Misitu wa India nzima. Mwaka uliofuata sheria ya kwanza ya misitu ikapita, na 1878 ikapita kali zaidi. Kwenye hiyo ya pili kulikuwa na vita ndani ya idara. Baden-Powell, mmoja wa wakubwa wenzake, alitaka serikali ichukue kila kitu. Brandis alitaka vijiji viachiwe misitu yao, na haki za kuni na malisho ziandikwe. Alishindwa. Sheria ilitaja misitu ya vijiji, lakini kwa vitendo ikabaki karibu karatasi tu.

Mimi simwoni malaika. Alikuwa mtumishi wa dola iliyonyang'anya, na vijiti vyake ndivyo vilivyoiambia dola hiyo kuna nini cha kunyang'anya. Bila vijiti pia, Pegu ingekuwa Tenasserim. Nimejaribu kuchagua upande mmoja, nimeshindwa.

Alistaafu 1883, akarudi Bonn, akawa mwalimu wa vijana waliomfuata hata kutoka Marekani. Mmoja wao, Gifford Pinchot, akaja kuwa mkuu wa kwanza wa Huduma ya Misitu ya Marekani. Mzee mwenyewe alikomaa na kitabu cha miti ya India, kikatoka 1906 akiwa na miaka 82. Mwaka uliofuata akafa.

Mwaka huohuo wa 1907, Mwingereza aitwaye David Hutchins, aliyeanzia kazi yake kwenye misitu ya India, alichapisha ripoti kuhusu msitu wa Mlima Kenya: miti gani ipo, inafaa nini. Akawa mkuu wa misitu hapa kwetu. Kufikia 1910 ule mpango wa Wakaren ukaanza kutumika Kenya kwa jina ambalo wazazi wako wanalijua: mfumo wa shamba. Umepigwa marufuku zaidi ya mara moja, umerudi na jina jipya. Ukipita karibu na Aberdare utamkuta mama anapalilia viazi katikati ya misaipresi midogo. Anaitunza vizuri. Kivuli kikifunga miaka michache ijayo, atahama, na miti itabaki kwenye hesabu ya serikali.